Sauti ya Doris, Saini ya Marty

Kuna tukio katika filamu ya The Man Who Knew Too Much ambalo ukiliona mara moja halikutoki. Ni chumba cha hoteli mjini Marrakech, Morocco. Mume, ambaye ni daktari, anajua kwamba mtoto wao wa kiume ametekwa. Mke hajui. Kabla ya kumpa habari hiyo, mume anamshurutisha ameze vidonge vya kutuliza. Mke anabisha, anashuku, mwisho anavimeza ili yaishe. Ndipo anapoambiwa. Anataka kuinuka akamtafute mwanawe, lakini dawa imeshaanza kumlegeza. Mumewe anamkandamiza kitandani, naye analia kwa sauti inayopanda, inayokatika, kisha inayoshuka hadi mnong'ono wa mtu anayezama usingizini bila hiari yake.

Mwigizaji huyo ni Doris Day. Mwaka ulikuwa 1955, mwongozaji alikuwa Alfred Hitchcock, na mama huyo anayelia hakuwa amepita katika shule yoyote ya uigizaji. Alikuwa mwimbaji wa bendi aliyeingia kwenye filamu kwa sababu nyota aliyekusudiwa alikuwa mjamzito.

Wamarekani walidhani wanamjua. Kwa miaka 20 walimwona kwenye skrini akiwa msichana mwema wa jirani: nywele za dhahabu, madoadoa puani, tabasamu, gauni lisilo na kunyanzi. Mwaka 1975, aliposimulia maisha yake kwa mwandishi A. E. Hotchner katika kitabu Doris Day: Her Own Story, walikutana na mwanamke mwingine kabisa: aliyevunjika mguu, aliyepigwa akiwa na mimba, aliyeachwa kwa barua, aliyefilisiwa na watu wa ndani ya nyumba. Hotchner alifanya jambo la busara. Kila baada ya kurasa kadhaa aliwaachia nafasi watu wengine waseme, mwanawe na wasanii wenzake miongoni mwao, ili msomaji asibaki na masimulizi ya upande mmoja.

Kwa yeyote anayefuatilia wanamuziki wanaohamia kwenye filamu, kumbukumbu hizo ni darasa. Zinaonyesha jinsi sauti inavyoweza kumfanya mtu kuwa mwigizaji, na jinsi karatasi ambayo hakuisoma inavyoweza kumtafunia jasho la miaka 20.

Mguu na redio

Alizaliwa Cincinnati, jimbo la Ohio, tarehe 3 Aprili 1922, akaitwa Doris Mary Ann Kappelhoff. Baba yake, William, alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya. Mama yake, Alma, alipenda sinema, na jina la binti alilitoa kwa Doris Kenyon, mwigizaji wa enzi za filamu zisizo na sauti. Ndoa yao ilivunjika Doris akiwa bado mdogo, baba alipopata mwanamke mwingine. Alma akabaki na watoto, na ndoto kwamba binti yake atakuwa mcheza dansi.

Ndoto ilikaribia kutimia. Akishirikiana na kijana aitwaye Jerry Doherty, Doris alishinda shindano la dansi lenye zawadi ya dola 500. Fedha hizo ziliwapeleka Hollywood kuonja maisha, kisha wakarudi Ohio kufunga mizigo wahamie moja kwa moja. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1937, mjini Hamilton, gari alimokuwa amepanda na wenzake liligongwa na treni. Mguu wake wa kulia ulivunjika vibaya. Alikuwa na miaka 15, na dansi ikaishia pale.

Sasa mtazame mtoto huyo. Amelala na hogo mguuni, miezi inakatika, na mchana kutwa anayezungumza naye ni redio. Akaanza kuimba nayo. Aliyemvutia kuliko wote ni Ella Fitzgerald. Doris alimsikiliza kama fundi cherehani anavyoligeuza vazi la fundi mwenzake kutazama lilivyoshonwa kwa ndani: wapi anavuta pumzi, wapi analegeza neno, wapi anautangulia mdundo na wapi anausubiri. Siku moja alianguka na magongo yake na mfupa ukavunjika upya. Miezi ya redio ikaongezeka.

Alma alimpeleka kwa mwalimu wa sauti, Grace Raine. Baada ya kumsikia, mwalimu huyo akakubali kumfundisha mara tatu kwa wiki kwa ada ya somo moja. Alilomsisitizia zaidi lilikuwa maneno ya wimbo: ayaimbe kana kwamba anamwambia mtu mmoja, karibu na sikio, hata kama ukumbi umefurika. Mtu aliyewahi kufanya kazi mbele ya kamera atalitambua somo hilo upesi, maana kamera nayo ni sikio la mtu mmoja. Miaka kumi kabla ya filamu yake ya kwanza, Doris alikuwa ameshaanza kufundishwa uigizaji, na yeye mwenyewe hakujua.

Jina la kuenea ubaoni

Mwaka 1939 kiongozi wa bendi Barney Rapp alimchukua aimbe katika klabu yake mjini Cincinnati. Tatizo likawa jina. Kappelhoff lilikuwa refu mno kwa ubao wa matangazo. Kwa kuwa binti aliuimba vizuri wimbo uitwao Day After Day, Rapp akampa jina la Day. Mwenyewe hakulipenda, aliliona kama jina la mchezaji wa klabu za kuvua nguo. Lakini lilienea ubaoni, na mwenye klabu ndiye mwenye ubao.

Bendi kubwa za wakati ule zilikuwa jeshi. Leo mji huu, kesho ule, usiku kucha ndani ya basi, na jioni mwimbaji apande jukwaani na uso wa mtu aliyelala vizuri. Mwaka 1940 alijiunga na bendi ya Les Brown, na mwaka uliofuata akaiacha ili aolewe na mpiga tromboni, Al Jorden. Kitabu hakipambi: wivu, matusi, kipigo, na kipigo tena alipokuwa mjamzito. Mwanawe, Terry, alizaliwa Februari 1942, na mwaka 1943 ndoa ikavunjwa. Mama wa miaka 21 akarudi kuimba redioni Cincinnati, kisha kwa Les Brown, huku bibi akilea mjukuu.

Mwanzoni mwa 1945 ikatoka Sentimental Journey. Vita vilikuwa ukingoni, askari wa Marekani walingoja meli za kuwarudisha kwao, na wimbo wa safari ya kurudi nyumbani ukawakuta mahali penyewe. Ulipanda hadi nafasi ya kwanza. Umati mzima wa askari ulimpenda, na kila mmoja wao aliamini kwamba ameimbiwa yeye peke yake. Bi Raine angeweza kusema alilipwa ada yake yote siku hiyo.

Machozi ya majaribio

Ndoa ya pili, na mpiga saksafoni George Weidler, haikumaliza hata mwaka kabla ya kuanza kuyumba. Waliishi kwenye kambi ya nyumba za magurudumu mjini Los Angeles. Doris akiwa New York kikazi, barua ikamfikia: mume hakutaka kuishi akijulikana kama bwana wa Doris Day. Akaamua kufungasha arudi kwa mama yake Ohio.

Kabla hajaondoka alipelekwa kwenye sherehe moja Hollywood, akaombwa aimbe. Aliimba Embraceable You. Miongoni mwa waliomsikia walikuwapo watunzi wawili wa nyimbo, Jule Styne na Sammy Cahn, waliokuwa na filamu ya studio ya Warner Bros. mkononi na shida kubwa: Betty Hutton, aliyepangiwa nafasi ya kwanza, alikuwa na mimba. Wakamshawishi Doris aende kwa Michael Curtiz, mwongozaji wa Casablanca.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Curtiz alimuuliza amewahi kuigiza nini. Doris akajibu kweli: hajawahi. Alipoambiwa aimbe, mawazo ya ile barua yakamjia na machozi yakamtoka katikati ya wimbo. Mtu mwingine angeondoka na aibu. Curtiz aliona kitu ambacho studio hulipia fedha nyingi na mara nyingi isikipate: uso usioweza kuficha kinachoendelea moyoni, na mdomo usioongopa. Akapewa nafasi. Filamu ilikuwa Romance on the High Seas ya mwaka 1948, na wimbo wake mmoja, It's Magic, ukavuma nchi nzima.

Alipotaka kwenda kusoma uigizaji, Curtiz alimkataza. Kwa maelezo ya kitabu, hoja yake ilikuwa kwamba Doris ana nafsi yenye nguvu inayoonekana katika lolote analofanya, na mwalimu angeweza kuifuta. Ushauri huo haumfai kila mtu. Wako waimbaji wanaohitaji darasa kama jangwa linavyohitaji mvua. Doris hakulihitaji kwa sababu alikuwa na jingine: miaka tisa ya kuingia ndani ya hadithi ya dakika tatu, kila usiku, mbele ya watu waliolipa, na kutoka humo akiwa ameaminika. Wimbo ni filamu fupi yenye mwigizaji mmoja. Anayeuimba bila kujua ni nani anayesema, na kwa nani, hataokolewa na skrini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watazamaji walimwona Doris akicheza kana kwamba amezaliwa kwenye seti. Kitabu kinaonyesha gharama yake. Katika Midnight Lace ya mwaka 1960, anaigiza mke anayetishwa na sauti asiyoijua, na kuna mahali ambapo anapandwa na kiwewe. Ili alipate tukio hilo, alijirudisha kwenye usiku wa ndoa ya kwanza, alipoburutwa kutoka kitandani na kutupwa ukutani akiwa mjamzito. Alizidiwa, akaanguka, kazi ikasimamishwa. Baadaye aliapa kutorudia filamu ya aina hiyo. Kuna somo hapo ambalo waongozaji hawapendi kulitaja: kumbukumbu ni kisima kizuri cha mwigizaji, lakini mwenye kisima ana haki ya kukifunika.

Ukimya wa Hitchcock na punda wa Marrakech

Hitchcock naye alimpa somo la aina yake. Wiki zilipita Doris akifanya kazi bila kuambiwa lolote, zuri wala baya. Akajihakikishia kwamba hafai. Mwishowe alimwendea na kumwambia kwamba kama haridhiki, yeye yuko tayari kumpisha mwingine. Hitchcock alishangaa. Alimweleza kwamba angekuwa anakosea, angeambiwa. Kimya chake kilikuwa na maana kwamba kila kitu kiko sawa. Wangapi wameacha kazi kwa kuusoma vibaya ukimya wa mkubwa wao?

Upande mmoja tu hakuwa mpole. Alipofika Marrakech na kuona hali ya wanyama waliokusanywa kwa ajili ya filamu, alikataa kusimama mbele ya kamera mpaka walishwe na kutunzwa. Watayarishaji wakalazimika kuandaa mahali pa kuwalisha mbuzi, punda na wengineo. Nyota anapogoma, mara nyingi hugomea chumba chake au jina lake kwenye bango. Huyu aligoma kwa ajili ya punda.

Filamu hiyo ndiyo iliyoleta Que Sera, Sera, utunzi wa Jay Livingston na Ray Evans. Doris hakutaka kuurekodi. Aliuona ni wimbo wa watoto. Inasimuliwa kwamba aliurekodi mara moja tu, kisha akasema huo ndio mwisho wa kuusikia. Ukatwaa tuzo ya Oscar ya wimbo bora, ukamfuata hadi uzeeni. Lakini ndani ya filamu hauko pale kama pambo. Mama ameketi kwenye piano katika ubalozi jijini London, akijua mwanawe amefichwa ghorofani. Anauimba kwa sauti kubwa kuliko adabu ya ukumbi inavyoruhusu, wageni wanatazamana, na yeye anaendelea kupaza mpaka mtoto anasikia na kujibu kwa mluzi. Katika dakika hizo hakuna anayeweza kusema wapi mwimbaji ameishia na wapi mwigizaji ameanza.

Mwaka 1959 akacheza Pillow Talk na Rock Hudson, akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 1960, kisha 1962, 1963 na 1964, alishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyota wanaoingiza watu wengi zaidi kwenye majumba ya sinema Marekani, akiwazidi wanaume wote. Kwa jumla alicheza filamu 39, na kwa kampuni ya Columbia alirekodi nyimbo zaidi ya 650.

Fedha zilikuwa nyingi. Swali ambalo hakuwahi kuuliza ni zilikuwa wapi.

Filamu iliyomsimulia

Mwaka huohuo wa 1955 alicheza filamu nyingine, Love Me or Leave Me, akiwa na James Cagney. Ni kisa cha kweli cha Ruth Etting, mwimbaji wa miaka ya 1920 na 1930 ambaye mumewe, jambazi wa Chicago, alimshikia kazi yake yote: nani amwajiri, aimbe wapi, alipwe ngapi. Doris aliicheza nafasi hiyo kwa ukali ambao haukutarajiwa kwake. Wapo mashabiki waliomwandikia barua kulalamika kwamba amekunywa pombe kwenye skrini.

Kila jioni, baada ya kuigiza mwanamke anayeendeshwa na mume meneja, alirudi nyumbani kwa mume meneja.

Martin Melcher, aliyeitwa Marty, hakuwa jambazi. Walioana tarehe 3 Aprili 1951, siku ya kuzaliwa kwa bibi harusi. Alimkubali Terry akawa mwanawe kwa sheria, akampa jina lake la ukoo. Kidogo kidogo akawa msimamizi wa kila kitu: akawa mtayarishaji wa filamu za mkewe, akapokea malipo yake humo, akachagua miradi, akatia saini. Fedha alizikabidhi kwa wakili wao, Jerome Rosenthal, aliyeziingiza kwenye hoteli na visima vya mafuta. Doris alifanya alichokiweza: aliamka alfajiri akaenda kazini.

Dalili zilikuwapo. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 filamu zake zilishuka thamani, na yeye aliziona zikishuka. Aliposoma mswada wa Caprice, iliyotoka 1967, hakuupenda, akamwambia mumewe hataki. Alikuwa amechelewa, mumewe alikuwa ameshatia saini kwa niaba yake. Nafasi ya Bi Robinson katika The Graduate, ambayo ingeweza kumgeuzia ukurasa, aliikataa mwenyewe kwa kuwa haikuendana na maadili yake. Huo ulikuwa uamuzi wake, na kitabuni anausimamia bila majuto. Linganisha mambo hayo mawili: filamu kubwa aliyoikataa kwa kinywa chake haikumuuma, lakini filamu dhaifu aliyosainiwa na mwingine ilimkera hata miaka ilipopita.

Marty alifariki tarehe 20 Aprili 1968. Terry, aliyebaki kufungua mafaili, ndiye aliyepeleka habari kwa mama yake. Mapato ya miaka 20, yanayokadiriwa kuwa dola milioni 20, hayakuwapo. Lililokuwapo ni deni la takriban dola nusu milioni. Na kulikuwa na karatasi nyingine: Marty alikuwa amemfunga kwa mkataba na kituo cha televisheni cha CBS kutengeneza mfululizo wa vipindi, na sehemu ya fedha ilikuwa imeshachukuliwa na kutumika. Mwenye sura na sauti iliyouzwa hakuambiwa.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini kitabu kinafanya jambo gumu kuliko kulaumu. Doris anajiuliza, kurasa kwa kurasa, kama mumewe alikuwa mwizi au naye aliibiwa kwa kumwamini wakili kupita kiasi, na hafikii jibu linalomtuliza. Ukweli ulio mgumu zaidi anaukubali waziwazi: kwa miaka 17 ya ndoa hakuomba kuona hesabu.

Angeweza kukataa kazi ya televisheni na kujitangaza muflisi. Hakufanya hivyo. The Doris Day Show ilianza Septemba 1968, miezi mitano baada ya msiba, naye akiigiza mjane mwenye watoto. Wimbo wa kufungulia kipindi ulikuwa Que Sera, Sera. Kwa misimu mitano, jumla ya vipindi 128, aliimba wimbo ambao hakuutaka kwenye kazi ambayo hakuisaini. Alipopata kauli zaidi katika uendeshaji, kipindi kilibadilika kila msimu: kutoka shambani kikahamia mjini, mjane akawa mfanyakazi wa jarida, na mwishoni wale watoto wakatoweka kwenye hadithi bila maelezo. Watazamaji walichekeshwa na mageuzi hayo. Mwenyewe alikuwa analipa madeni.

Wakati huohuo akafungua kesi. Septemba 1974 mahakama ya California iliamua kwamba wakili yule amlipe zaidi ya dola milioni 22. Ilikuwa moja ya hukumu kubwa za aina yake wakati ule, na magazeti yaliiandika kwa herufi nene. Ambacho hakikuandikwa kwa herufi nene ni kilichofuata: mwaka 1977 akasuluhishana na kampuni za bima kwa dola milioni 6, za kulipwa kwa awamu 23 za kila mwaka. Wakili aliendelea kukata rufaa, akashindwa mwaka 1985, na baadaye akafutwa uwakili. Mtu aliyeanza kuibiwa kimya kimya katika miaka yake ya 30 alikuwa bado anasikia habari za kesi yake akiwa na zaidi ya miaka 60.

Kwa wasanii wanaosoma haya, kuna maswali ambayo kumbukumbu za Doris zinayaacha mezani. Nakala ya mkataba wako iko wapi? Anayekushauri kisheria ana hisa katika biashara anayokushauri kuingia? Mume, mke, kaka au rafiki anayekusimamia analipwa kutoka wapi, na nani mwingine anamkagua? Hayo si maswali ya kuvunja ndoa. Marty angekuwa mwaminifu, yangemlinda hata yeye dhidi ya wakili.

Carmel

Kipindi kilipokwisha mwaka 1973, hakurudi kwenye filamu. Alihamia Carmel, mji mdogo wa pwani ya California, akajitosa kwenye lile jambo la Marrakech: mwaka 1978 alianzisha taasisi ya kutunza wanyama wa kufugwa nyumbani. Ndoa ya nne ilikuja ikaenda. Mwaka 1985 alikubali kufanya kipindi cha televisheni juu ya wanyama, na mgeni wa kwanza aliyemwalika ni Rock Hudson. Hudson alifika amekonda kiasi kwamba waandishi walipigwa na butwaa. Doris alimkumbatia, akambusu, akaketi naye. Siku chache baadaye dunia ikatangaziwa kwamba ana UKIMWI, wakati ambao watu wengi waliogopa hata kupeana mkono na mgonjwa. Hudson alifariki tarehe 2 Oktoba mwaka huo.

Mwaka 2011 ilitoka albamu yake, My Heart, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na nyimbo alizorekodi miaka ya 1980 akiwa na Terry, ambaye alikuwa amefariki mwaka 2004. Iliingia katika kumi bora nchini Uingereza mwenyewe akiwa na miaka 89.

Hata karatasi ya kwanza kabisa ya maisha yake ilichelewa kusomwa. Kwa miongo mingi iliandikwa kila mahali kwamba alizaliwa 1924. Mwaka 2017 shirika la habari la Associated Press lilipata cheti chake cha kuzaliwa huko Ohio, na ikaonekana mwaka sahihi ni 1922. Akalala na miaka 93, akaamka na 95.

Alifariki nyumbani kwake karibu na Carmel tarehe 13 Mei 2019, akiwa na miaka 97. Alikuwa ameelekeza kwamba pasiwe na mazishi, pasiwe na ibada ya kumbukumbu, wala kaburi lenye alama. Taasisi yake ya wanyama inaendelea na kazi. Jina fupi alilopewa mwaka 1939 ili lienee kwenye ubao wa klabu ya Cincinnati halikuchongwa kwenye jiwe lolote.